Barua ya wazi kwa wenye saini: ardhi husomwa mara moja

Waheshimiwa,

Nawaandikia nyinyi ambao saini zenu ndizo huamua ardhi ipi ichimbwe, lini, kwa muda gani na kwa fedha za nani: mawaziri, wakurugenzi wa idara za mambo ya kale, wakuu wa makumbusho, wahandisi wa mabwawa na barabara, wajumbe wa kamati za bajeti. Mimi ni mmoja wa wale wanaopiga magoti shimoni na mwiko wa mwashi na brashi, wakichekecha udongo ndoo baada ya ndoo. Mgeni rasmi akitutembelea kwenye uchimbaji, swali lake la kwanza huwa ni lile lile: "Mmepata nini?" Namwona akitupa macho huku na huku, akitafuta kitu kinachong'aa. Tunamwonyesha vigae, vipande vya mkaa, meno ya mbuzi na doa jeusi kwenye ukuta wa shimo. Anaitikia kwa adabu, anapigwa picha, anaondoka. Mwaka unaofuata fungu letu limepungua.

Lawama si zenu peke yenu. Sisi wachimbaji hatujawahi kulijibu swali hilo sawasawa, nami naomba nilijibu leo.

Nianze na pango la Panga ya Saidi, katika pwani ya Kenya. Mwaka 2013 wachimbaji walikutana humo na vipande vya mifupa vilivyolainika mno, hata kuvigusa tu ilikuwa ni kuvifanya unga. Hawakuvilazimisha. Walikwenda taratibu, na kufikia 2017 walikuwa wameona umbo zima: shimo dogo la mviringo, kama mita tatu chini ya sakafu ya leo ya pango, limejaa udongo usiofanana na ule uliolizunguka. Wakalizungushia plasta, wakalitoa likiwa bonge moja, wakalipeleka makumbusho ya taifa Nairobi, na baadaye maabara ya mjini Burgos, Hispania, ambako udongo uliondolewa chembe kwa chembe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Ndani mlikuwa na mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Halijapatikana kaburi la binadamu la kale zaidi ya hilo barani Afrika. Watafiti wakampa jina la Mtoto.

Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Jinsi mfupa wa bega na mbavu zilivyogeuka inaonyesha kwamba sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imeviringishwa kitu kilichooza zamani, pengine majani, pengine ngozi. Fuvu nalo lilikuwa limelala kwa namna inayotokea pale kitu laini kilichowekwa chini ya kichwa kinapooza na kuacha nafasi tupu. Yaani mtu fulani, miaka 78,000 iliyopita, alimwekea marehemu huyu mdogo mto.

Naomba mtulie hapo kidogo. Habari ya ule mto haikuwamo ndani ya mfupa wowote. Ilikuwa katika pembe kati ya mfupa na mfupa, katika rangi ya udongo, katika ukingo wa shimo. Mtu angeingia mle na sururu angetoka na meno mawili na unga wa mifupa ndani ya mfuko, na ule mto tusingeujua kamwe. Kwa hiyo mkituuliza tumepata nini, jibu la kweli ni kwamba tunapata mahali. Tunajua nini kililala juu ya nini, nini kilikuwa kando ya nini, nani alitangulia na nani alifuata. Chungu kilichong'olewa na kuuzwa ni chungu tu. Chungu hicho hicho kikikutwa kimefunikwa juu ya majivu ya jiko, ndani ya nyumba ambayo sakafu yake imesiribwa upya mara kadhaa, kinatuambia namna familia moja ilivyoishi na namna ilivyohama.

Na hapa ndipo penye uchungu wa kazi yetu. Tukishaliondoa tabaka la udongo, halirudi. Atakayekuja baada yetu, hata awe na ujuzi wa kutushinda mara mia, hatalichimba tena. Kinachobaki ni daftari, michoro, picha, sampuli na mifuko yenye lebo. Vikipotea hivyo, sisi wenyewe ndio tutakuwa tumebomoa tulichokuja kukijua.

Historia ya fani yetu ina makovu ya jambo hili. Kati ya mwaka 1871 na 1873 Heinrich Schliemann alipasua kilima cha Hisarlik, nchini Uturuki, akiitafuta Troya, mji wa vita vinavyosimuliwa katika mashairi ya Homeri, mshairi wa Ugiriki ya kale. Alikata mtaro mkubwa katikati ya kilima, akayapita matabaka ya miji iliyojengwa mmoja juu ya mwingine kana kwamba ni kifusi, hadi akafikia vito vya dhahabu alivyovitangaza kuwa hazina ya Priamo, mfalme wa Troya katika mashairi hayo. Vito vilikuwa vya kweli. Ila vilitoka katika mji uliotangulia zama alizokuwa akizitafuta kwa miaka elfu moja au zaidi, na sehemu ya mji aliokuwa akiutafuta aliivunja yeye mwenyewe kwa haraka ya kushuka chini. Alikuwa na fedha na wafanyakazi wengi. Kilichomponyoka ni subira ya kusoma tabaka moja kabla ya kulifikia jingine.

Kisa cha Zimbabwe Kuu, mji wa kale wa kuta za mawe, kinaniuma zaidi, kwa sababu pale aliyeharibu alikuwa na barua ya serikali. Mwaka 1902 utawala wa kikoloni ulimteua Richard Hall, mwandishi wa habari, kuyahifadhi magofu yale. Hall aliamini kwamba kuta zile haziwezi kuwa kazi ya Waafrika. Kwa hiyo udongo uliokuwa juu ya sakafu, wenye vigae, majivu na mabaki ya nyumba za watu walioishi pale, kwake ulikuwa uchafu wa kuondolewa ili wajenzi "wa kweli" waonekane chini yake. Akauzoa na kuutupa, mahali pengine kwa kina cha mita kadhaa. Mwaka 1905 alifika David Randall-MacIver, akasema bila kuuma maneno kwamba mji ule ni wa Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akachagua sehemu ambayo haikuguswa, akaichimba kwa makini, akafikia hukumu ile ile. Hata hivyo, miongo kadhaa baadaye serikali ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilikuwa bado inawabana watumishi wake waliosema ukweli huo, na Peter Garlake, mkaguzi mwandamizi wa malikale, akaondoka nchini mwaka 1970. Udongo aliotupa Hall ulikuwa ndio kumbukumbu za mji. Hadi leo watafiti wanahangaika kuunganisha vipande vya habari ambavyo vingesomeka kwa urahisi kama mtu mmoja asingepewa kibali.

Linganisheni na daftari la Hjalmar Stolpe. Mwaka 1878, huko Birka nchini Uswidi, alifungua kaburi la enzi za Waviking lililokuwa na upanga, shoka, mikuki, mishale, farasi wawili na vipande vya mchezo wa bao la vita. Alichora kila kitu pale pale kilipokuwa, na mifupa ikahifadhiwa na namba ya kaburi. Kwa zaidi ya miaka mia moja kila mtu alisema: shujaa, mwanamume. Mwaka 2017 vinasaba (DNA) vilivyotolewa kwenye mifupa ile vilionyesha kuwa marehemu alikuwa mwanamke. Yakatokea mabishano makali, na wapo waliosema huenda mifupa ilichanganywa na ya kaburi jingine. Mchoro wa Stolpe na zile namba ndivyo vilivyowajibu. Alifariki mwaka 1905, hakujua vinasaba ni kitu gani, lakini aliiacha kazi yake katika hali ambayo wajukuu wa wajukuu zake waliweza kuikosoa na kuikamilisha.

Ni kwa sababu hii nazungumzia ghala. Najua neno hilo halina mvuto. Hakuna waziri anayekata utepe wa ghala la mifupa. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa; na kila mnachokiona kwenye kabati la kioo la makumbusho kimeundwa na ghala, meza ya kuoshea vigae, na mtu anayeandika namba kwa kalamu ya ncha nyembamba mchana kutwa. Niliwahi kuingia katika chumba kimoja ambamo mabaki ya misimu kadhaa ya uchimbaji yalikuwa yamerundikwa. Paa lilivuja. Mchwa walikuwa wamekula lebo za karatasi, mifuko imepasuka, vigae vya shimo moja vimemwagikia vya jingine. Hakuna kilichoibwa; kila kigae kilikuwamo. Lakini kutoka chumba kile hakuna awezaye tena kujifunza chochote, kwa kuwa hakuna kigae kinachojua kilitoka wapi. Nilitoka nje nikakaa chini. Miaka ya jasho la watu ilikuwa imegeuka kokoto.

Kinyume chake ni makaburi ya Jebel Sahaba, kaskazini mwa Sudan. Yalichimbwa miaka ya 1960 kwa haraka, kabla bonde halijafunikwa na maji ya Bwawa la Aswan. Yana umri wa zaidi ya miaka 13,000, na baadhi ya mifupa ilikutwa na vipande vya mawe vya silaha. Kwa muda mrefu yalitajwa kama ushahidi wa vita moja kubwa, ya mapema kuliko zote zijulikanazo. Mifupa hiyo ilihifadhiwa vizuri, na mwaka 2021 wataalamu walichapisha matokeo ya kuichunguza upya kwa darubini. Kati ya watu 61, 41 walikuwa na angalau jeraha moja, na baadhi yao walikuwa na majeraha yaliyokwisha kupona pamoja na mengine mapya. Haikuwa vita ya siku moja, basi. Ilikuwa jamii iliyoishi na mashambulizi ya mara kwa mara, wanaume, wanawake na watoto, huenda kwa sababu hali ya hewa ilikuwa ikibadilika na maeneo ya kuishi kando ya Nile yakapungua. Picha nzima ya jamii ile imegeuka, bila kuchimba hata koleo moja la ziada.

Mifano ya namna hiyo ni mingi. Mtu wa barafu aitwaye Ötzi, aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alipatikana kwenye milima ya Alpi mwaka 1991, na kichwa cha mshale kilichomuua kilionekana begani mwake kwa picha za eksirei mwaka 2001 tu. Ukoga uliogandamana kwenye meno, ambao zamani ulikwanguliwa na kutupwa ili meno yapendeze, leo hutueleza mtu alikula nini na alivuta vumbi gani kazini. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba vinasaba vya binadamu wa kale vinaweza kupatikana katika udongo wa pango usio na mfupa wowote. Udongo mtupu! Fikirini ni ndoo ngapi tumemwaga nje ya mapango duniani kote.

Labda mtasema: sawa, lakini habari hizi za watu wa kale zinamsaidia nani anayetawala leo? Nitajibu kwa yale yanayonigusa mimi zaidi katika kazi hii. Uchimbaji umetusahihisha mara nyingi kuhusu watu wenyewe ni nani na wanaweza nini, na karibu kila mara umetusahihisha kwa takataka zao.

Katika maporomoko ya Kalambo, Zambia, maji yaliyotuama yalihifadhi magogo mawili yaliyochongwa pengo ili moja lilale juu ya lingine. Umri wake, uliotangazwa mwaka 2023, ni miaka 476,000. Hapo binadamu wa aina yetu alikuwa bado hajatokea, na kumbe tayari alikuwapo kiumbe aliyekata mbao na kuziunganisha. Huko Göbekli Tepe, nchini Uturuki, watafiti waliolikagua eneo mwaka 1963 waliyadhani mawe yaliyochomoza ardhini kuwa makaburi ya zama za kati. Klaus Schmidt alipoanza kuchimba mwaka 1995 alikuta nguzo za mawe zenye umbo la T, nyingine zikifikia mita tano na nusu, zimechongwa mbweha, nyoka na ndege, karibu mwaka 9500 KK, na watu waliokuwa bado wawindaji na waokota nafaka za mwituni. Tulikuwa tumefundishwa kwamba kwanza watu hulima, kisha hukaa, kisha hujenga mahekalu. Pale mpangilio huo ulivunjika. Schmidt mwenyewe aliamini kwamba hakuna aliyeishi pale, kwamba palikuwa mahali pa ibada tu. Wachimbaji waliomfuata wamekuta nyumba za kuishi na mawe mengi ya kusagia, na fikra hiyo nayo inarekebishwa. Napenda sana kwamba inarekebishwa. Fani isiyokubali kurekebishwa na ardhi haina haja ya kuchimba.

Mali inanipa mfano ninaoupenda kuliko yote. Kilima cha Jenne-Jeno kilikuwa mji ulioanza yapata mwaka 250 KK. Kwa muda mrefu wasomi waliamini kwamba miji ya ukanda ule ililetwa na biashara ya kuvuka Sahara baada ya ujio wa Waarabu. Roderick na Susan McIntosh walipochimba kuanzia mwaka 1977, waliukuta mji mkubwa uliotangulia biashara hiyo kwa karne nyingi. Wahunzi, wavuvi na wakulima walikaa katika vilima vidogo vidogo vilivyopakana, kila kundi na kazi yake, wakibadilishana mazao na chuma. Kilichokosekana ni ikulu. Hakukutwa jumba la mfalme wala ngome ya kuwatisha raia. Watu kwa maelfu waliishi pamoja, karne baada ya karne, na alama ya mtu mmoja aliyewaamuru wote haionekani. Hilo lilisomwa katika vigae, maganda ya mpunga na sakafu za nyumba. Wakati huo huo waporaji walikuwa wakichimba vilima jirani usiku, wakitafuta sanamu za udongo za kuuza nje. Sanamu hizo leo ziko kwenye makabati ya matajiri, nzuri na bubu.

Na Giza, kwenye piramidi, mwaka 1990 farasi alijikwaa kwenye ukuta uliofukiwa, ukagunduliwa uwanja wa makaburi ya wafanyakazi. Walizikwa karibu na kaburi la mfalme wao, wamewekewa mitungi ya bia na mikate. Mifupa yao imechoka kwa kubeba mizigo, ila mingi iliyovunjika ilikuwa imeungwa vizuri na kupona. Watu hao walitibiwa. Picha ya umati wa watumwa chini ya mjeledi, tuliyoizoea sote, haikustahimili ushahidi huo. Wafalme waliacha maandishi kwenye kuta. Wabeba mawe waliacha migongo yao, na ni uchimbaji peke yake unaoweza kuwasikiliza.

Sasa nifike kwenye tingatinga. Niliwahi kusimama ukingoni mwa shimo asubuhi moja, injini ikinguruma nyuma yangu, msimamizi wa mradi akitazama saa. Tulikuwa tumepewa siku chache za kufanya kazi ya miezi. Sakafu ya nyumba ya kale ilikuwa imeanza kuonekana, rangi ya njano, na alama za nguzo zikiizunguka kama duara. Tulipiga picha tulizoweza, tukatoka, na kufikia adhuhuri palikuwa na changarawe. Simlaumu dereva. Aliambiwa aanze, akaanza. Uamuzi ulikuwa umefanyika mezani mwaka mmoja kabla, pale ratiba ilipoandikwa bila mtu wa mambo ya kale kuulizwa.

Sisemi msijenge. Watu wanahitaji maji, umeme na barabara, na hata hao wa kale tunaowachimba walikuwa wajenzi. Nasema muulize mapema. Dunia inajua namna ya kulifanya hili. Mwaka 1960 UNESCO ilitoa wito wa kuokoa hazina za Nubia, bonde la Nile kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan, kabla ya Bwawa la Aswan, na mahekalu ya Abu Simbel yakakatwa vipande na kujengwa upya juu zaidi, kazi iliyofanyika kati ya 1964 na 1968. Kila mtu anayakumbuka mahekalu. Binafsi naona makaburi ya Jebel Sahaba, yaliyookolewa katika kampeni zile zile bila mbwembwe, yametufundisha mengi kuliko sanamu za Ramses, ambazo tungebaki na picha zake hata zingezama. Mkataba wa Valletta wa mwaka 1992, wa nchi za Ulaya, uliweka kanuni kwamba gharama ya utafiti wa ardhi ihesabiwe ndani ya mradi unaoivuruga. Ufaransa ilitunga sheria ya uchimbaji wa tahadhari mwaka 2001 na kuanzisha taasisi ya taifa ya kazi hiyo mwaka uliofuata, ikigharimiwa kwa sehemu na tozo za miradi ya ujenzi.

Na faida yake inaonekana. Katika machimbo ya udongo wa matofali mashariki mwa Uingereza, mahali paitwapo Must Farm, kampuni yenye machimbo na taasisi ya serikali ya malikale waligharimia pamoja uchimbaji wa mwaka 2015 na 2016. Walikuta nyumba zilizojengwa kwa nguzo juu ya mto, karibu mwaka 850 KK, zilizoungua na kudondoka majini. Matope yakafunika kila kitu. Kulikuwa na bakuli lenye uji, na kijiko cha mti kingali ndani yake. Mbao hazikuwa na matundu ya wadudu, zilikuwa bado mbichi, kwa hiyo tunajua nyumba zile hazikumaliza mwaka mmoja. Tunajua nyumba gani ilikuwa na vyungu vingapi, wapi walisukia nguo, wapi walichinjia kondoo. Mahali pengi pa kale hutupa karne moja iliyopondwapondwa. Pale tulipewa mchana mmoja wa familia. Ripoti kamili ilitoka mwaka 2024, miaka minane baada ya mwiko wa mwisho kuinuliwa. Naomba muiandike miaka hiyo minane pembezoni mwa kila bajeti mnayoipitia. Shimo ni sehemu fupi na rahisi ya kazi. Wafadhili hulipia shimo, kwa sababu shimo lina picha. Kisha ripoti inabaki ikisubiri mtu aifanye kwa mapumziko yake. Uchimbaji usiochapishwa una tofauti ndogo sana na uporaji.

Kuna mahali pengine ambapo saini bora ni ile isiyotiwa. Kaburi la mfalme wa kwanza wa dola ya Uchina, Qin Shi Huang, linajulikana lilipo, na halijafunguliwa. Askari wake wa udongo walipoanza kufukuliwa mwaka 1974, rangi zilizowapamba zilibanduka dakika chache baada ya kukutana na hewa kavu. Wahusika wakajifunza, wakaamua kusubiri. Pompei, karibu theluthi moja ya mji imeachwa chini ya majivu kwa makusudi. Nyayo za Laetoli, Tanzania, zilizoachwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita na kufunuliwa mwaka 1978, zilifukiwa tena. Mizizi ya miti ikaanza kuzinyemelea, na katika miaka ya 1990 zikafunuliwa kwa muda, zikatibiwa, zikafukiwa upya kwa ustadi zaidi. Wageni hulalamika kwamba hakuna cha kuona. Nyayo zipo, zimelala salama, zikimsubiri mtu mwenye vifaa bora kuliko vyetu.

Na marehemu wana ndugu. Nalisema kwa ufupi, ila nalimaanisha. Mifupa ya mtu wa kale aliyepewa jina la Kennewick, iliyopatikana Marekani mwaka 1996, ilibishaniwa mahakamani kwa miaka mingi huku wenyeji wa asili wakisema ni mzee wao. Mwaka 2015 vinasaba vilionyesha kwamba walikuwa na haki, na mwaka 2017 wakamzika. Wangeshirikishwa tangu siku ya kwanza, sayansi isingepoteza kitu, na heshima isingepotea miaka yote ile.

Kwa hiyo, waheshimiwa, faili la kibali kijacho litakapofika mezani, kabla ya kuuliza wanatarajia kupata nini, naomba muulize maswali mengine. Nani ametajwa kwa jina kuandika ripoti, na mshahara wake wa miaka ya baada ya uchimbaji uko kwenye ukurasa gani? Mifuko italala wapi, na nani ana ufunguo wa chumba hicho? Ni sehemu gani ya eneo itaachwa bila kuguswa? Watu wanaoishi juu ya ardhi hiyo wameambiwa? Kama ni mradi wa ujenzi, mwanaakiolojia aliona ramani lini? Faili likikosa majibu, lirudisheni. Sisi wachimbaji tutanung'unika, kwa kuwa msimu utatupita. Lirudisheni tu.

Na mkija tena kututembelea, njooni siku ya kazi, si siku ya sherehe. Tutawapa mwiko na goti la kupigia. Mtaona namna udongo mweusi unavyoachana na mwekundu kwenye mstari mwembamba kama uzi, na mtaambiwa kwamba upande wa huku wa uzi huo watu walikuwa bado wanakaa, na upande wa pili walikuwa wamekwisha kuondoka.

Wenu katika kazi,

Mchimbaji